Shangazi Aliyesikiliza Bati

Shangazi yangu alikuwa na kazi ambayo mpaka leo sijakutana na mtu mwingine aliyeifanya: alikuwa akisikiliza bati.

Nikisema bati, sisemi yale mabati ya kuezekea. Yale ni chuma kilichopakwa zinki, hayana hata chembe ya bati ndani yake, na babu yangu, aliyekuwa fundi wa tanuri, alikuwa tayari kugombana na mtu mzima mwenzake kwa jambo hilo. Jirani akija kujigamba kwamba ameezeka nyumba kwa bati, babu humjibu, "Ungeezeka kwa bati lenyewe, siku mkeo akichoma takataka uani paa lingekudondokea kichwani kama uji." Kwa maana bati halistahimili moto. Kikaango kilichosahauliwa jikoni kinatosha kuliyeyusha.

Bati la kweli ni metali nyeupe, laini, isiyoshika kutu. Hupakwa ndani ya makopo ya chakula, safu nyembamba kuliko karatasi, ili chuma kisiguse kilichomo. Mafundi hulehemu nalo mabomba na nyaya za redio. Tena lina tabia moja ambayo wasiolijua hudhani ni uzushi: ukilipinda, linalia. Chukua kijiti cha bati safi, unene wa kidole, kishike ncha mbili, kisogeze karibu na sikio, kipinde polepole. Utasikia mlio mkavu, kama wa mtu anayetafuna biskuti chumba cha pili. Ni punje zilizomo ndani yake zinazosuguana na kugeuka. Likiingiliwa na metali nyingine, hasa risasi, ile metali nzito yenye sumu, mlio hufifia. Likiingiliwa zaidi, linakaa kimya. Risasi yenyewe haina sauti hata uipinde mpaka ikatike.

Basi babu alipima bati lake kwa mlio huo, na mnunuzi alilinunua kwa neno lake. Babu alipofariki, mafundi wawili walijaribu kushika nafasi yake wakashindwa. Shangazi, mtoto wake wa kwanza, wakati huo akiwa na miaka ishirini na saba na mjane, maana mumewe alifukiwa na kifusi kwenye shimo la machimbo hata mwaka wa ndoa haujaisha, aliingia kwenye banda la tanuri akapinda kijiti, akasema, "Hili lina chuma ndani yake. Lirudisheni motoni." Wakalirudisha. Lilikuwa na chuma. Tangu siku hiyo watu wakamwita Sikio, na jina lake la ubatizo likapotea.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Baba yangu alikuwa kitinda mimba, wakipishana na dada yake miaka tisa. Mama yangu aliondoka nikiwa na miaka minne, akaolewa kwingine, na baba hakuwa mtu wa kumsuka mtoto nywele. Kwa hiyo nililelewa na shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto wake. Nililala kitanda kimoja naye mpaka miguu yangu ilipoanza kumpiga teke, ndipo aliponitengea godoro. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kuta zake nyeusi upande wa dirisha kwa sababu ya moshi wa tanuri uliokuwa ukiingia tukisahau kufunga.

Kazi ilianzia kilimani. Wachimbaji walitoa mawe na mchanga, wakavishusha kwa mikokoteni hadi kwenye mfereji wetu wa mbao, na mimi nilikuwa mmoja wa wanawake waliosimama pale na majembe. Mfereji ulikuwa na vipande vya mbao vimepigiliwa sakafuni kukingama, kama ngazi iliyolazwa. Maji yalipopita, mchanga mwepesi ulikwenda nayo, na ule mweusi, mzito, ulinasa nyuma ya vile vipande. Huo mweusi ndio wenye bati. Mgeni akiuokota kiganjani hushtuka, maana uzito wake haulingani na ukubwa wake. Tuliuanika, tukautwanga, tukauchanganya na makaa na chokaa kidogo, ukaenda kwa baba na shangazi.

Tanuri lilikuwa la matofali, kimo cha kifua. Shangazi alinifundisha nikiwa mdogo, kama babu alivyomfundisha yeye, kwamba makaa hayaingii mle kwa ajili ya joto tu. Bati limefungwa ndani ya jiwe pamoja na hewa, na hewa hiyo inapenda makaa kuliko inavyopenda bati; ikiyaona inalihama bati na kuyafuata. "Kama wanaume wengine," aliongeza shangazi, na baba akamtupia kitambaa. Baada ya saa kadhaa tundu la chini lilizibuliwa kwa mtaimbo, na bati likatoka likitiririka kama maji, likiwa na mavi ya tanuri, yaani uchafu wa jiwe ulioyeyuka, juu yake, ambayo tuliyaondoa kwa mwiko wa chuma. Kisha lilitiwa kwenye sufuria kubwa, na shangazi alizamisha ndani yake gogo la mti mbichi. Gogo lilitoa mvuke, bati likachemka na kutapika uchafu wote juu. Alichovya kipande cha karatasi: kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, bati liko tayari kumiminwa, kikiungua, lisubiri lipoe. Lilimiminwa kwenye kalibu, likatoka miche kama ya sabuni. Na kutoka kila sufuria kilimiminwa kijiti kimoja cha kupimia.

Hapo banda lote lilinyamaza. Shangazi alikiinua kijiti hadi kwenye sikio la kulia, akafumba macho, akakipinda.

"Limelia," alisema. Au, "Halijalia. Rudisheni."

Mnunuzi alikuja na lori kila mwezi. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyepangusa miwani yake kila alipoanza sentensi. Aliuliza neno moja tu: "Limelia?" Shangazi alijibu, "Limelia, mzee." Wakapakia. Miaka ishirini na zaidi ilikwenda hivyo.

Zamani hewa ya tanuri ilisukumwa kwa mivukuto ya ngozi, watu wawili wakipokezana. Baba alipokuwa mtu mzima alichoka na mivukuto. Akaleta feni ya chuma inayozungushwa na injini ya dizeli, akaifunga hatua mbili kutoka tundu la tanuri, pale pale ambapo shangazi alikuwa akisimama. Joto lilipanda haraka, kazi ya siku mbili ikawa ya siku moja, na baba akapewa jina la Fundi Feni, ambalo alilipenda kuliko jina lake. Lakini injini ile ilinguruma mpaka meno yakatetemeka mdomoni. Wakati inafanya kazi tulizungumza kwa mikono. Shangazi alisimama kando yake saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Alijiziba masikio kwa pamba, na jioni alipoitoa pamba ilikuwa nyeusi.

Mwaka wa saba au wa nane wa feni, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nilianza kuona kwamba anatazama midomo yetu. Ukimwita kwa nyuma haitiki. Ukimwuliza jambo, anacheka kidogo na kusema, "Hee, wewe nawe," jibu linalofaa swali lolote duniani. Nikamuuliza uso kwa uso kama masikio yake ni mazima.

"Yanavuma tu," alisema. "Ni mafua."

Mafua yale yalidumu mwaka mzima. Siku moja tukiwa wawili bandani, injini imezimwa, alipinda kijiti, akafungua macho, akanitazama. Hakuuliza kwa mdomo. Aliinua nyusi tu, na katika maisha yangu yote naye sikuwahi kumwona na uso ule, uso wa mtu aliyepotea njia karibu na nyumbani kwao. Nilikuwa nimesimama karibu na nimeusikia mlio wazi kabisa. Nikaitikia kwa kichwa.

"Limelia," alisema kwa sauti, kana kwamba banda limejaa watu.

Jioni ile, tukiwa tunakoka jiko la chai, alinishika mkono. "Mwanangu, hili lisitoke humu. Wakijua, nimekwisha. Mimi sina kitu kingine ninachokijua."

"Shangazi, twende hospitali."

"Nimekwenda. Nilisema nakwenda sokoni, nikaenda. Daktari amesema kilichokufa ndani ya sikio hakifufuki."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo niliijua, lakini nilimpenda shangazi kuliko methali. Tukakubaliana. Kila siku ya kupima nilisimama mbele yake, karibu kama mtu wa kumshikia vifaa. Alipinda, mimi nikasikiliza. Kikilia, naitikia. Kisipolia, najikuna shingo. Watu wakasema nafundishwa kazi, nimrithi. Kwa namna fulani ilikuwa kweli, maana nilianza kutofautisha mlio wa bati lenye chuma na mlio wa bati lenye shaba. Miaka miwili ilipita hivyo na hakuna mche mbovu uliotoka kwenye banda letu. Ile ilikuwa miaka mizuri. Nasema hivyo kwa sababu iliyofuata haikuwa na uzuri wowote.

Kilima kilikuwa kinakwisha. Nyuma ya vipande vya mfereji, ambapo zamani mchanga mweusi ulijaa ngumi kwa ngumi, sasa ulibaki utepe kama wanja. Wachimbaji walishuka chini zaidi, wakakutana na maji, wakahama mmoja mmoja. Mnunuzi alikuja, akapangusa miwani, akasema lori lake halitapanda tena kwa mzigo chini ya miche arobaini. Tulikuwa tunatoa thelathini na mbili. Mwezi uliofuata tukatoa ishirini na saba, na lori halikuja.

Mwezi uliofuata baba alitoa arobaini na moja.

Kila mtu alishangilia. Alisema amepata mchanga kwa wachimbaji wa upande wa pili wa mlima, mzuri kuliko wetu. Shangazi alimkumbatia mbele za watu. Mimi nilikuwa nimekwenda nyuma ya choo asubuhi ile kumwaga maji machafu, na nimeona maganda ya betri kuukuu za magari, zaidi ya hamsini, yamepasuliwa na kutupwa kwenye majani. Ndani ya betri ya gari mna mabamba ya risasi. Hilo sikuhitaji kufundishwa.

Baba alinifuata kwenye mfereji mchana. Alichuchumaa kando yangu kama mtu anayetaka kunawa.

"Umeona kule nyuma," alisema.

"Nimeona."

"Na najua habari za dada. Unadhani sijui? Nimekaa naye bandani tangu nazaliwa. Najua pia nani anasikia kwa niaba yake."

Niliinamia mchanga. Maji yalikuwa yakipita kwenye vidole vyangu.

"Leo akipinda," alisema baba, "wewe itikia tu. Ni kidogo sana, binti yangu, kwa kila sufuria kidogo sana. Ni mpaka tupate shimo jipya. Lori lisipokuja, hawa wanawake wote hapa watakula nini? Na yeye atakula nini?"

Kuna jambo ambalo lazima niliseme ili nisionekane nilionewa. Baba yangu alikuwa hajawahi kuniomba kitu. Hakuwahi kuniita binti yangu. Siku ile ndipo aliponiita hivyo.

Alasiri shangazi alichukua kijiti. Uso wa miche ulikuwa na ukungu kidogo, si ule mng'ao wa kioo tuliouzoea, naye aliupitishia kidole, akakunja uso. Baba akamwonyesha kwa mikono kwamba ni mchanga wa upande wa pili, ndivyo ulivyo. Akainua kijiti sikioni, akafumba macho, akakipinda. Nilisikia injini ikipoa, tiki, tiki. Nilisikia mwanamke akikohoa nje. Kutoka kwenye kijiti sikusikia kitu. Kilipinda kama mshumaa uliokaa juani.

Alifungua macho, akanitazama.

Nikaitikia.

 Alikipindua kijiti, akakipinda tena upande wa pili, akanitazama tena, muda mrefu. Nikaitikia tena.

"Limelia," alisema shangazi.

Tulifanya hivyo miezi mitano. Kile kidogo sana cha baba kikawa kidogo, kikawa kiasi, mwisho nadhani robo. Baba aliacha kula vizuri, tumbo likimsokota, na weupe ukamwingia kwenye kucha. Kuyeyusha betri si kazi ya kufanya bila dirisha. Shangazi akaanza kukaa kimya. Nilidhani ni ukiziwi.

Mnunuzi alikuja katikati ya mwezi, siku isiyo yake, bila lori. Alikuja na gari dogo, na mkononi ana mashine ya kupimia metali, yenye umbo la bunduki ya maji ya watoto, na kioo cha tarakimu nyuma. Hakupangusa miwani. Aliomba mche mmoja, wowote, akaugusisha ile mashine, akasoma. Akaomba mwingine. Baba alikuwa ameshika mtaimbo na hakuwa anafanya nao kitu.

"Kiwandani wamenirudishia mzigo wa miezi miwili," alisema mnunuzi. "Bati lenu linapaka makopo ya maziwa ya watoto wachanga. Mnalijua hilo?"

Tulikuwa tunalijua. Lilikuwa jambo la kujivunia.

"Mama," alimwambia shangazi, akimtazama uso kwa uso, "nipimie huu."

Shangazi alisoma midomo yake vizuri. Mche ule ule ukayeyushwa, kijiti kikamiminwa, kikapoa, akakipinda. Akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimetazama chini. Ni mara ya kwanza kumnyima jibu, na nilimnyima siku aliyolihitaji kuliko zote.

"Limelia," alisema. Sauti ilikuwa juu kuliko alivyodhani.

Mnunuzi alizunguka taratibu mpaka nyuma yake. Aliinua mche mmoja kutoka kwenye rundo, akaunyanyua kifuani, akauachia juu ya bamba la chuma. Banda lote liliruka. Mwanamke mmoja mlangoni alipiga yowe. Njiwa walitoka darini. Shangazi alisimama vile vile, mikono mbele, kijiti kilichopinda kikiwa bado katikati ya vidole, akiwatazama watu wanaoruka na kujiuliza kuna nini.

Aligeuka alipoona nyuso zetu. Aliuona mche chini, akaona mnunuzi, akaelewa.

"Tangu lini?" aliuliza mnunuzi, lakini hakumuuliza yeye. Alimuuliza baba.

Baba akasema, "Mimi ni fundi feni tu. Kupima ni kazi yake."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kusema. Mdomo wangu ulifunguka, nakumbuka ulifunguka, nikaona wanawake thelathini wa mfereji wamejazana mlangoni wakinitazama, nikaufunga. Shangazi alikuwa akitazama midomo ya baba aliposema maneno yale. Aliyasoma yote.

Mnunuzi hakuita polisi. Alisema mzigo uliorudishwa utatupwa, na kwamba mizigo ya miezi ya mwanzo haikupimwa na mtu, ilikwisha kuondoka, hajui makopo yale yako wapi. Alisema hivyo kwa sauti ya chini sana. Kisha akaingia kwenye gari dogo, na hatukumwona tena. Nina miaka thelathini na tisa leo. Nikiingia dukani nikiona kopo la maziwa, mkono wangu hauendi.

Tanuri lilizimwa wiki ile. Watu walimsema shangazi, si baba. Walisema mzee amejifanya anasikia ili asitoke kwenye kiti, amewaponza watu wote. Mwanamke mmoja tuliyesimama naye mfereji mmoja miaka minane alimtemea mate miguuni pale kisimani. Shangazi aliosha miguu kwa maji aliyokuwa ameteka, akarudi kuteka mengine. Baba aliuza feni na injini kwa wachimbaji wa dhahabu wa mbali, akaondoka nao, akasema anakwenda kutafuta pa kutuhamishia. Hakurudi. Miaka minne baadaye dereva mmoja alituletea habari kwamba Fundi Feni alifariki, mikono ikiwa imelegea kwenye vifundo hawezi kushika kijiko, na kwamba alishazikwa. Shangazi aliisoma habari hiyo kwenye midomo ya dereva. Akamshukuru kwa safari, akamkaribisha chai.

Ilinichukua muda kupata ujasiri. Ilikuwa mchana, siku chache baada ya habari ile, tumekaa kwenye kizingiti cha chumba chetu tukichambua nguo kuukuu za babu. Nikamgusa goti. Nikasema polepole, nikiumba kila neno ili alione: "Shangazi. Miezi ile. Hakikulia. Hata kimoja. Nilijua."

"Najua," alisema.

Nilidhani hakuelewa, nikaanza tena. Akaniwekea kiganja mdomoni.

"Mwanangu, bati likilia linatetemeka. Linakuja kwenye vidole kama moyo wa kifaranga. Sikio lilikwisha kufa zamani, lakini vidole nilikuwa navyo. Ile siku ya kwanza nilipinda nikakuta kimya. Nikapinda upande wa pili, kimya. Nikakutazama, ukaitikia. Nikajiambia, huyu nimemlea mimi, nimemfuta makamasi, hawezi kunidanganya. Basi vidole navyo vimekufa." Alikunja shati la babu mara mbili, akalilaza. "Nikaacha kuviamini. Nimekaa miezi mitano nikidhani mwili wangu wote unakwisha."

Nililia. Nilimwomba msamaha kwa maneno na kwa mikono, nikapiga magoti palepale kwenye kizingiti. Alinipapasa kichwa, kama anavyompapasa mtoto wa jirani aliyeanguka, akasema niinuke, nguo zitachafuka.

Hatukugombana. Hakunifukuza. Naishi naye mpaka leo kwenye chumba kile kile. Nafanya kazi kwenye duka la ndoo na mabeseni ya plastiki, narudi jioni na mkate, tunakula pamoja. Lakini tangu siku ile hatazami mdomo wangu. Muuza maji akija, humtazama mdomo. Jirani, muuguzi, watoto wa njiani, wote huwatazama midomo na kuwajibu, na wengine huwatania. Mimi nikisema, macho yake yanakwenda kwenye mikono yangu, au kwenye sahani, au kwenye ukuta. Nikitaka kumwambia jambo la lazima, kama dawa imekwisha, naliandika kwenye karatasi. Hulisoma, huitikia kwa kichwa.

Sasa ana miaka sitini na kitu. Asubuhi, magoti yakimruhusu, hupanda hadi kwenye malundo ya mchanga tuliyoyatupa enzi zile, ya mchanga mwepesi uliopita juu ya mfereji. Ana karai moja. Hulijaza, hulizamisha kwenye dimbwi lililobaki kwenye shimo, hulizungusha mpaka mchanga wote utoke na kubaki zile punje nyeusi pembeni. Huzichukua kwa ncha ya kidole na kuzitia kwenye chupa ya dawa. Siku nzima ya kazi haijazi kijiko cha chai.

Mwaka jana nilimwandikia: *Hakuna tanuri. Hakuna mnunuzi. Mchanga huo wa nini?*

Alisoma, akaikunja karatasi, akaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Kesho yake akapanda tena.

Chini ya kitanda chake kuna chupa kumi na moja. Juzi mvua kubwa ilibomoa ukingo wa shimo, na dimbwi lote lilimwagika bondeni. Leo amerudi karai likiwa kavu, hakuna tena maji ya kuoshea mchanga, amekaa kwenye kizingiti, hajavua viatu.